Kumtayarisha Mtoto Asiyeona kwa Kazi ya Kuuza: Mfano wa Biashara ya Vipodozi

Mojawapo ya maswali wanayoulizwa wakufunzi mara kwa mara, walimu wanafunzi warudipo kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, ni hili: mtoto asiyeona aliyemo darasani pamoja na wenzake wanaoona afundishwe hesabu na stadi za kazi kwa shabaha gani? Muulizaji huwa hana nia mbaya. Ameambiwa chuoni kwamba kila somo liwe na shabaha, naye akimtazama yule mtoto haioni kazi inayomngoja mbele, isipokuwa labda kuimba, au kukaa stendi na bakuli. Kwa kuwa haioni kazi, hulegeza mkono. Katika shule moja ya msingi nisiyoitaja, nilimkuta mtoto wa Darasa la Nne akipelekwa kukaa nje juani kila ulipofika wakati wa hesabu, eti asichoshwe. Mtoto yule alikuwa mwepesi wa kukumbuka kuliko nusu ya darasa zima.

Jibu la swali hilo halipatikani kwa maneno ya jumla. Afadhali tuichukue kazi moja, tuifungue kama fundi afunguavyo saa, tuone imeundwa kwa stadi zipi, na kila stadi hupandwa wapi katika shule ya msingi. Kazi niliyoichagua ni kuuza vipodozi nyumba kwa nyumba. Msomaji atashangaa, kwani vipodozi ni mambo ya sura na rangi, asiyeona ataviuzaje? Nimeichagua kwa sababu ya mshangao huo huo.

Tuanze na mahali. Ramadhani ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Mji wa Njombe. Nyanda hizi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kavu ipasuayo midomo na visigino. Kwa hiyo mafuta ya kupaka si anasa huku, bali ni hitaji la kila nyumba, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee anayeota moto. Kiasi cha kilomita 60 kutoka Njombe iko Makambako, ambako barabara ya kwenda Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA nayo hupita. Bidhaa za jumla hushukia hapo. Mtu mwenye mtaji mdogo aweza kununua dazani moja au mbili Makambako, akapanda basi, akauza Ramadhani mlango kwa mlango. Hahitaji kulipa pango la duka, wala hahitaji kuandikwa kazi na mtu.

Jambo hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ni njema. Lakini hebu mwalimu mwanafunzi ahesabu kwa vidole ni waajiri wangapi wa namna hiyo walio katika kata ya shule yake. Mtoto wetu aghalabu atajiajiri mwenyewe, atake asitake.

Biashara yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1886 mchuuzi mmoja wa vitabu katika Marekani, David McConnell, aligundua kwamba akina mama walimfungulia mlango kwa ajili ya chupa ndogo za manukato alizowapa zawadi kuliko kwa ajili ya vitabu vyake. Akaacha vitabu, akauza manukato. Kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyokuja kuitwa Avon. Tangu mwanzo aliwategemea wanawake waliouza kwa majirani zao. Nao mfano wa mchuuzi asiyeona upo. Jacob Bolotin, aliyezaliwa Chicago mwaka 1888 bila kuona, alimaliza shule ya wasioona akiwa na miaka 14, akaanza kuuza viberiti mlango kwa mlango, kisha brashi, kisha mashine za kupiga chapa. Kwa fedha hizo alijisomesha udaktari, akahitimu mwaka 1912, akawa bingwa wa moyo na mapafu. Wasomaji humkumbuka kwa udaktari wake. Mimi ningependa mwalimu akumbuke viberiti, maana kijana yule alitoka shuleni akijua kutembea peke yake katika mji mkubwa, kupokea fedha na kurudisha chenji, na mambo hayo mtu hufundishwa.

Sasa tuufungue mkoba wa mchuuzi.

Kazi ya kwanza ni kuitambua bidhaa. Mtu anayeona husoma jina kwenye kopo. Asiyeona hana budi kulifanya kopo lizungumze kwa njia nyingine. Umbo husaidia: kopo la mafuta ya mgando ni pana na fupi, chupa ya losheni ni ndefu, sabuni ina pembe. Lakini losheni za aina tatu zaweza kuja katika chupa za umbo moja. Hapo ndipo alama za mguso zinapohitajika. Njia rahisi kuliko zote ni mpira wa kufungia fedha: mpira mmoja shingoni mwa chupa ni losheni ya watoto, miwili ni ya ngozi kavu, mitatu ni ya manukato. Njia bora zaidi ni nukta nundu, yaani maandishi aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille na kuyatangaza mwaka 1829. Kipande cha karatasi ngumu chenye herufi moja na bei, kikifungwa kwa uzi, chatosha. Mathalani herufi m, yaani nukta ya 1, ya 3 na ya 4, kwa mafuta; herufi l, yaani nukta ya 1, ya 2 na ya 3, kwa losheni. Bei huanza kwa alama ya tarakimu, na tarakimu zenyewe ni zile zile herufi kumi za mwanzo, a hadi j. Shilingi 3,500 itaandikwa kwa alama ya tarakimu, kisha c, e, j, j.

Naomba mwalimu asiipite sentensi hiyo haraka. Mtoto anayefundishwa nukta nundu kwa kunakili aya za kitabu tu huchoka upesi. Anayeandika vibandiko vya bei huona mara moja kwamba kosa moja la nukta limemtoa shilingi mia kadhaa. Tena anayeandika kwa kibao na sindano hutoboa upande wa nyuma wa karatasi, akianzia kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ili kusoma. Vibandiko vifupi ndivyo vifaavyo kwa mazoezi ya mwanzo, kuliko mistari mirefu inayomchanganya mtoto.

Viwanda vingine duniani vimekwisha kuiona haja hii. Huko Japani kampuni ya Kao ilianza mwaka 1991 kuweka mikato midogo ubavuni mwa chupa ya shampuu ili isichanganywe na chupa ya dawa ya kulainisha nywele, na kampuni nyingine zikafuata. Kampuni ya L'Occitane ya Ufaransa imekuwa ikiweka nukta nundu juu ya vifungashio vyake tangu 1997. Bidhaa nyingi zinazofika Makambako hazina alama hizo, kwa hiyo alama atazitia mchuuzi mwenyewe.

Pua nayo ni chombo cha kazi, ila ina mipaka ambayo mwalimu apaswa kuijua. Mtu akinusa manukato matatu au manne mfululizo, pua huchoka, na la tano hulisikia kama la nne. Mtoto afundishwe kupumzika, kuvuta hewa safi, na kunusa bidhaa kwa utaratibu ule ule kila mara. Sikio nalo hutumika: chupa ikitikiswa, kimiminika chepesi hucheza kwa sauti, kizito hujivuta. Hapa Njombe ina hila yake. Mafuta ya nazi huganda joto linapopungua chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai chupa iliyokuwa ikicheza vizuri huko pwani haitoi sauti yoyote. Mchuuzi aliyefundishwa kwamba mafuta ya nazi huchezacheza atadhani amepewa bidhaa nyingine. Hili ni somo zuri la sayansi kwa darasa zima: chupa moja iwekwe kivulini, nyingine ndani ya maji ya vuguvugu, watoto wazitikise wakiwa wamefumba macho, na asiyeona aongoze zoezi.

Kuhusu rangi tuseme ukweli. Rangi ya mdomo, podari na wanja wa rangi ni bidhaa ngumu kwa asiyeona. Aweza kuzipanga kwa mfuatano na kuzitia alama, aweza kujifunza kwa maneno kwamba rangi fulani hupendwa na watu wa ngozi fulani, lakini hukumu ya mwisho mbele ya kioo ni ya mteja. Mchuuzi mwerevu humwachia hukumu hiyo waziwazi, wala hajifanyi kuona. Ningemshauri anayeanza ashike mafuta, losheni, sabuni na manukato, ambamo mkono na pua yake ni sawa na vya mtu yeyote. Hata mteja anayeona, ataka kujua nini juu ya mafuta? Kama yanalainisha, kama yanakaa, kama yananuka vizuri. Majibu yote matatu hayahitaji macho. Mchuuzi atoe kidogo kwa kijiti safi, si kwa kidole, na aombe ruhusa kabla ya kugusa mkono wa mtu, hasa wa mzee au wa mtu wa jinsia nyingine.

Liko jambo la hatari ambalo pua haiwezi kuligundua. Krimu za kujichubua zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kutoka kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Zebaki ndani ya krimu haina harufu. Mchuuzi asiyeona aweza kuuziwa katoni ya bidhaa iliyokatazwa, au iliyokwisha muda wake, na yule aliyemuuzia akaapa kwamba ni nzuri. Kinga yake ni kununua dukani panapotolewa risiti, kumwomba mtu wa pili, asiye wa duka lile, amsomee viungo na tarehe, au kuutumia mkono wa simu ya kisasa ambayo hupiga picha ya maandishi na kuyasoma kwa sauti. Watoto wote wa darasa, si huyu mmoja, wafundishwe kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi juu ya kopo. Anayeona akimsomea mwenzake, wote wawili wamejifunza.

Tufike kwenye fedha, ambako ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Noti zetu za shilingi 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 hutofautiana kwa urefu, iliyo kubwa kwa thamani ikiwa ndefu zaidi, lakini tofauti ni ya milimita chache. Kidole kilichozoea huipata kwa kulinganisha noti mbili, na noti iliyochakaa huponyoka hata kwa kidole hicho. Sarafu ni rahisi kidogo. Ile ya shilingi 50 ina pembe saba. Sarafu ya 500 ilipoingia mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti yake, ilipunguza shida moja. Asiyeona hujiwekea kawaida ya kukunja: ya 1,000 haikunjwi, ya 2,000 hukunjwa mara moja kwa upana, ya 5,000 kwa urefu, ya 10,000 kwa upana na kwa urefu. Kila noti inayoingia hukunjwa papo hapo, mbele ya mteja, huku mchuuzi akiitaja kwa sauti: “Umenipa elfu tano, mama, bei ni elfu tatu na mia tano, nakurudishia elfu moja na mia tano.” Kutaja kwa sauti ni ulinzi, kwani majirani husikia na mteja mwenye hila huona haya.

Siku hizi wengi hulipa kwa simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na simu zenye kusoma kwa sauti zimemwondolea asiyeona mashaka mengi ya noti, lakini zimemletea mashaka mapya. Namba ya siri ni siri kweli kweli, na mtoto aliyezoea kusomewa kila kitu na wengine ataitoa bila kufikiri. Tabia ya kuwa na jambo asilolijua mtu mwingine ifundishwe mapema, hata kwa mchezo wa kuficha tarakimu nne.

Kisha ipo hesabu ya faida. Natoa mfano wa kufundishia tu, bei zake mwalimu atazibadili kufuata soko la kwao. Tuseme dazani moja ya makopo ya mafuta inanunuliwa Makambako kwa shilingi 30,000, na kila kopo linauzwa Ramadhani kwa 3,500. Mauzo ni 42,000. Wanafunzi wengi watajibu upesi kwamba faida ni 12,000. Waulizwe nauli. Ikiwa kwenda na kurudi ni 8,000, zimebaki 4,000. Waulizwe tena: mteja mmoja amechukua kopo kwa mkopo, akahama. Zimebaki 500, kwa kazi ya siku kadhaa. Sasa wafanye hesabu ya dazani mbili kwa safari ile ile moja: gharama 60,000, mauzo 84,000, toa nauli, zinabaki 16,000. Darasa litaona lenyewe kwamba safari moja yenye mzigo mkubwa ni bora kuliko safari mbili, ingawa mtaji unaotakiwa ni mara mbili. Wengine watapendekeza kuchukua mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo na kulipa baada ya kuuza. Wape nafasi wajadili ubaya na uzuri wake. Hesabu hii yote yaweza kufanywa kwa kichwa, na katika hesabu za kichwa mtoto asiyeona aghalabu hutangulia. Mwalimu aliyemtuma nje juani hangelijua hilo.

Madeni ni sehemu ya biashara hii, penda usipende, kwa kuwa wakulima hupata fedha kwa msimu. Daftari la madeni la nukta nundu lina sifa moja ambayo sikuitarajia: mtu mwingine mtaani hawezi kulichungulia. Hata hivyo kila deni lisomwe kwa sauti mbele ya mdaiwa siku linapoandikwa, vinginevyo itakuwa neno kwa neno.

Mwalimu pia awaonye wanafunzi wakubwa juu ya biashara zinazojivika vazi la uuzaji. Muuzaji wa kweli hupata fedha kwa sababu mtu wa mwisho amenunua mafuta na kuyapaka. Pakiwapo mpango ambamo fedha hupatikana kwa kuandikisha watu wapya walipe kiingilio, na mafuta yenyewe yamekaa kabatini, huo ni upatu. Watanzania wengi walipoteza akiba zao katika mpango wa DECI ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009. Asiyeona hushawishiwa kwa urahisi, si kwa kuwa ni mjinga, bali kwa kuwa ni nadra mtu kumkaribisha katika kazi yoyote, na anayekaribishwa kwa mara ya kwanza hafanyi upelelezi.

Kutembea nako kwataka somo. Mkono mmoja umeshika fimbo nyeupe, kwa hiyo mzigo hauna budi kukaa mgongoni au begani, bidhaa nzito chini na zinazouzwa sana juu. Njia hukaririwa kwa alama zisizohama: mteremko, harufu ya mbao zinazopasuliwa, sauti ya mashine ya kusaga, ua wa mianzi. Mvua zikinyesha alama za ardhini hupotea katika tope, na mchuuzi hupunguza mzunguko wake. Shuleni mtoto aanze na safari fupi, kutoka darasani hadi ofisini, akiwa amebeba kitu cha kukabidhi. Asishikwe mkono na kuvutwa kama mbuzi. Akihitaji kuongozwa, yeye ndiye ashike kiwiko cha mwenzake. Na afikapo mlangoni asimame, apige hodi, aamkie. “Kamwene” iliyotamkwa vizuri hufungua milango mingi huku kuliko tangazo lolote.

Mbinu ninayoipendekeza kukusanya yote haya ni duka la darasa, ambalo nyote mmelisoma katika kozi ya hesabu. Makopo matupu ya mafuta na chupa za losheni huletwa na watoto kutoka majumbani. Kosa la kawaida ni kumweka asiyeona awe mteja, au mtazamaji anayepongezwa. Awe muuzaji. Apewe siku mbili za kuzizoea bidhaa na kuziwekea alama zake mwenyewe, wala mwalimu asizihamishe baada ya hapo bila kumwambia. Noti za mazoezi zikatwe kwa karatasi ngumu katika urefu wa noti halisi, kwa kupimia juu ya noti zenyewe. Vipande vinne vya ukubwa mmoja, kama nilivyoviona katika somo moja la mazoezi, vinamfundisha mtoto kwamba fedha haziwezi kutambulikana. Wanunuzi waambiwe walipe kwa noti kubwa, ili chenji itakiwe. Katika wiki ya pili duka lihame, yaani muuzaji awatembelee wateja kwenye madawati yao, apige hodi na kueleza bidhaa yake kwa sentensi tatu au nne. Hapo somo la Kiswahili nalo limeingia bila kuitwa.

Vifaa vya nukta nundu vikikosekana shuleni, mwalimu asingoje. Mipira ya kufungia, uzi wenye mafundo na mbegu za mahindi zilizogandishwa kwa gundi juu ya boksi hufanya kazi ya kuanzia. Wakati huo huo amwandikie ofisa elimu maalumu wa halmashauri, barua ikitaja umri wa mtoto, kiasi anachoona ikiwa anaona kidogo, na kifaa hasa kinachotakiwa. Wazazi nao waelezwe juu ya mikopo ya halmashauri: tangu sheria ya mwaka 2018, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili hiyo, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024. Fomu zake ni za kusomwa kwa macho, na huenda mwalimu wa darasa akawa ndiye mtu wa karibu anayeweza kuzisoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo chini.